Sarafu ya gorila isisuguliwe, na kisanduku chake kisitupwe

Ndugu Mhariri,

Hapa Goma sarafu za fedha za zamani huishia kwenye mizani ya mnunuzi wa dhahabu, zikiwa zimeshasuguliwa kwa majivu na ndimu ili zing'ae. Kisanduku ilimouziwa sarafu kimebaki nyumbani, kimewekewa sindano na vifungo. Mwenyewe amepata hasara mara mbili.

Tuchukue sarafu ya Zaire ya 1975, ya zaire mbili na nusu: Mobutu upande mmoja, gorila wa milimani upande wa pili. Ile ya pruf, iliyopigwa kwa ajili ya wakusanyaji, ina gramu 28.28 za fedha ya 925 (yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha safi) na upana wa milimita 38.61. Zidisha 28.28 kwa 0.925, kisha gawa kwa 31.1, ambazo ni gramu za aunsi moja ya fedha. Unapata aunsi 0.84 ya fedha safi, nayo unaizidisha kwa bei ya aunsi ya siku hiyo. Bei inaanzia hapo, haiishii hapo. Ya zaire tano, yenye okapi, ina gramu 35, yaani aunsi 1.04. Zile zisizo pruf si lazima ziwe na uzito huo, hivyo soma cheti kilichokuja na sarafu kisandukuni kabla ya kupiga hesabu. Ya faranga 50 ya Kongo ya Wabelgiji ya 1944, yenye tembo, ni nusu fedha tu: katika gramu 17.5, fedha safi ni 8.75.

Kinachozidi hapo hulipiwa uso wa sarafu. Uso wa pruf ni kioo. Ukiufuta hata kwa kitambaa laini, inamisha sarafu chini ya taa: utaona mikwaruzo myembamba kama nywele, na hiyo haitoki tena. Weusi wa salfa uuache, hasa katika mji huu wenye moshi wa volkano ya Nyiragongo na unyevu wa ziwa. Dawa yake ni kutofungua ovyo kapsuli, yaani kile kifuniko cha plastiki kinachoifunika sarafu. Raba za kufungia pesa nazo zina salfa, ziwekwe mbali.

Utando wa kijani unaonata ni habari nyingine. Unatokana na vimfuko laini vya plastiki ya PVC, nao hula metali. Tumbukiza sarafu katika asetoni safi, ndani ya bakuli la kioo (ya kuondoa rangi ya kucha ina mafuta, haifai), isuuze kwa asetoni nyingine, iache ikauke bila kuifuta.

Mnunuzi naye akague cheti: nchi, mwaka na uzito vilingane na kilichomo. Kapsuli inayochezacheza kwenye kishimo chake huenda ilibadilishwa. Baadhi ya sarafu mpya zenye jina la Kongo zimepakwa fedha juu tu, na sumaku peke yake haitazifichua, kwa kuwa shaba iliyo ndani nayo haivutwi, kama fedha.

Naliomba gazeti lako lichapishe kila wiki bei ya aunsi ya fedha, kando ya bei ya dola.

Mkusanyaji wa sarafu,
Himbi, Goma