Mhariri, Desemba ya huku Marangu imezidiwa, mengine tuyahamishie mwezi wa sita

Mhariri, salamu kutoka Marangu, huku juu ambako lami inaisha na watu wanaanza kuomba mvua isinyeshe. Kila ikifika mwezi wa 12 gazeti lenu linatuandika, stendi ya Magufuli pale Mbezi imejaa, nauli imepandishwa kinyemela, LATRA wanaosimamia mabasi wametoa onyo, na ule utani wenu kwamba Dar imebaki tupu Wachaga wameenda kwao Kilimanjaro kuhesabiwa. Tunacheka. Ila sijaona aliyeuliza wakishafika huku inakuwaje, na sisi tunaowapokea tunabaki na hali gani, basi leo naomba kanafasi.

Wasinielewe vibaya, tunapenda waje. Mtu babu yake kazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa, mama yake yuko hai jikoni, kwanini asije? Unasikia magari yanapanda kutoka Himo, watoto wa mjini wanashuka na kaptula wanatetemeka, bibi anawafunika kanga zake mwenyewe, jamani raha ile acheni tu.

Shida yangu mimi ni kalenda. Mambo ya kijiji ya mwaka mzima tumeyasukumia yote kati ya tarehe 23 na Januari 2: harusi, ubatizo, kumbukumbu za marehemu, kikao cha ukoo, harambee ya paa la kanisa, na msiba nao haujui kama ni Krismasi. Jumamosi moja nyumba moja ina kadi nne na anayepika kote huko ni mama yule yule. Na mbege, pombe yetu ya ndizi, haijipiki wandugu. Ndizi mbivu zichemshwe, zikae siku kadhaa zichachuke, ulezi uoteshwe ukaushwe usagwe, gome la mti wa msesewe litafutwe maana bila uchungu wake wazee watasema umewapa juisi, kuni ubebe mwenyewe, alafu mgeni anafika anapiga selfi na kata ya kunywea anaandika "nyumbani raha". Raha kwa nani? Mikungu nayo inakatwa yote wiki hizo mbili, mtori huu, machalari yale, kiburu kile, Januari wageni wakishaondoka unazunguka kihamba kizima unaona majani tu na ndizi unaenda kununua sokoni Mtoni kama mtu asiye na kwao.

Kikao cha ukoo ndio kinaniuma zaidi. Kaka watatu hawajaonana mwaka mzima, mmoja Dar, mmoja Mwanza, mmoja ndio huyu aliyebaki anatunza kahawa na mama. Wanakaa kuzungumza mpaka wa masale, ile mimea ya kuonyesha mwisho wa shamba, uliopandwa na babu, na wanakaa saa ngapi? Saa kumi jioni, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, imeshashuka na kata imeshazunguka sana. Hapo mtu anatoa la moyoni la tangu wako shule ya msingi, wake wanaingia kati, kesho yake mmoja anaondoka na gari bila kuaga na ugomvi unalala hadi Desemba nyingine. Wazee wa zamani mtu akikosa alipeleka jani la sale kuomba radhi na yaliisha kwa utaratibu, tena watu wakiwa na akili zao. Sasa hivi hamna muda wa kupatana, kila mtu ana tiketi ya kurudi.

Alafu kuna hili la mkutano wa kijiji. Utaratibu ni mkutano mkuu ufanyike kila miezi mitatu na wajumbe ni wakazi wenye miaka 18 kwenda juu, yaani sisi. Lakini mwezi wa tatu ukiitishwa wanakuja watu wachache wanakaa chini ya mti wanaondoka, ile ya Desemba ndio inajaa, na wanaoongea sana ni wenye funguo za gari mkononi. Wanapitisha barabara ichongwe, mfereji usakafiwe, kila kaya itoe kiasi fulani, makofi, mtu anaahidi laki tano kwenye spika. Mwezi wa pili ukimkumbusha kwenye grupu la wasapu anaweka kile kimkono cha kuomba na kunyamaza. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mfongo, mfereji wetu wa maji, ukifika tunaoshika jembe ni akina mama na wazee, huyo mwenye laki tano hata hajui maji yanaanzia wapi.

Sasa pendekezo langu, na nimeliongea kwenye jumuiya yetu wengi wakaafiki ingawa wenye kumbi na maspika ya kukodisha walinuna kidogo. Krismasi ibaki Krismasi, watu waje wasali, wale, walale kwa mama. Harusi, vikao vya ukoo na mambo ya ardhi vihamie mwezi wa sita. Masika yanakuwa yameisha, shule zimefungwa, maharage tumeshavuna, mabasi hayajai na viti unapata hata ukiamua jana yake. Kuna baridi ndio, njoo na sweta. Pasaka nayo wengine wanaitaja lakini Pasaka inaangukia kwenye mvua za masika na huku kwetu tope la wakati huo gari ndogo haipandi, tutawavuta na kamba.

Najua mtasema likizo ya kazini wanapewa Desemba. Wengine kweli. Lakini hao hao mwezi wa sita wanapata wiki ya kwenda Zanzibar kwenye harusi ya bosi, tunaziona picha.

Na nyie Mhariri mtume mwandishi mwezi huo, siku tunayozibua mfongo. Akishuka Marangu Mtoni boda zipo, akiwauliza njia ya kwenye msaragambo watamleta. Aje na gambuti.

Mama wa kihambani,
Marangu, Moshi Vijijini