Lile boksi la dawa ulilonitumia

Mwanangu mpendwa,

Boksi la Lianhua Qingwen, ile dawa ya mitishamba ya Kichina, limefika salama. Nimelifungua nikanusa kapsuli moja, harufu ya mnanaa ikanipanda mpaka machoni. Nimefarijika kwamba huko Guangzhou, na masomo yote hayo, bado unayawazia mafua yangu.

Ila sitaimeza, baba. Usidhani nadharau dawa za Wachina. Nimegawa dawa mseto ya malaria wodini miaka mingi, na nguvu ya mseto ilianzia kwenye mmea wa Kichina. Mtafiti wa China, mama Tu Youyou, na wenzake waliuchunguza mpaka 1972 wakapata artemisinini, kiini kinachoua vimelea vya malaria. Tuzo ya Nobel ya 2015 alipewa, lakini si kwa sababu dawa ni ya kale. Walikamua dondoo ya mmea, wakaijaribu kwa wanyama, wakainywa wenyewe, ndipo wakawapa wagonjwa, vimelea vikaisha kwenye damu, kisha wakatenga kiini kimoja.

Hii yako ina vitu 13, hata jasi imo. Utafiti mmoja unaosifiwa sana ulifanyika China, ukatoka 2020, wagonjwa 284 wa korona. Nusu walitibiwa kama kawaida, nusu wakaongezewa kapsuli hizi siku 14. Hao walipona dalili kwa takriban siku 7, wenzao 10. Siku tatu si haba, mwanangu, nakubali. Lakini kila mgonjwa alijua anachomeza, hapakuwa na kapsuli tupu za kulinganishia, na uchovu au kikohozi tunakipima kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Mimi nimewaona watu wakipata nafuu kwa kumwona tu muuguzi anakuja na trei. Walipopima virusi, makundi mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Hapo ndipo moyo wangu ulipokataa.

Tena humo mna ma huang, mmea wenye efedrini, inayopandisha presha na kuufanya moyo uende mbio. Leo asubuhi mashine imesoma 158 kwa 94, hata kabla sijanywa chai.

Wewe ukiimeza, usiichanganye na dawa nyingine ya kufungua pua, utajizidishia kitu cha aina ileile. Na ukisikia utafiti mpya ambao mgonjwa wala daktari hakujua nani kapewa nini, nitumie mara moja, nitausoma wote.

Boksi lipo juu ya kabati, utalikuta ukija. Baba yako anakusalimu.

Mama yako