Picha imepasuka? Tuambie kwanza nani aliipiga vanishi

Imerudishwa dukani picha nyingine tuliyoichora kwa rangi ya mafuta, na lalamiko ni lilelile: "Mliniuzia rangi feki, ona ilivyopasuka." Safari hii ni kanvasi ya sentimita 60 kwa 80. Mzee fundi viatu amekaa kwenye kigoda, kiatu kakibana magotini, msharasi mkononi. Uso mzima, mikono mizima. Nyufa zimejaa kwenye aproni na kwenye rundo la matairi ya katambuga nyuma yake, yaani kila penye weusi. Na picha nzima imefunikwa utando wa njano unaong'aa kama meza ya chakula.

Utando huo si wetu. Ni vanishi ya mbao, na seremala aliyetengeneza fremu aliupiga kama nyongeza ya bure.

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta ya linsidi (mbegu za kitani) yaliyomo hunywa oksijeni na kugeuka utando mgumu, na ugumu huo huanzia juu. Baada ya wiki mbili ukigusa, kidole hakichafuki, lakini ndani bado laini. Nyeusi ndiyo mvivu kuliko zote. Ndiyo maana vivuli vya mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, hatutumii nyeusi, tunachanganya amba ya kuchoma, kahawia iliyokolea ambayo hukauka upesi, na buluu ya ultramarini. Nyeusi yenyewe inakuja mwishoni, kidogo. Sasa ukiifunika mapema kwa vanishi ngumu ya fanicha, juu panakakamaa huku chini bado panacheza. Lazima ipasuke.

Vanishi ya picha inapigwa baada ya miezi 6 hadi 12, kutegemea unene wa rangi, na sisi hatuitozi. Imeandikwa kwenye risiti, ila risiti ina wasomaji wachache.

Tukija kwenye bei, kuna swali tunaloulizwa sana: "Ni fundi viatu tu, mbona bei kama ya picha ya waziri?" Waziri anakuja na suti, na suti ni eneo kubwa la rangi moja. Fundi viatu anakuja na uzi wenye nta, gundi iliyoganda kwenye kucha, mishono ya soli, kovu la kisu kwenye kidole gumba. Mikono yake inakula muda sawa na uso, wakati mwingine zaidi. Saizi hiyo ya 60 kwa 80 ni shilingi 650,000, na hatupunguzi kwa sababu aliyechorwa amevaa kandambili.

Kanvasi inapigwa jeso, rangi nyeupe ya msingi, mikono 3, kila mkono ukikauka unasuguliwa kwa msasa laini. Halafu mchoro wa penseli. Mkono wa kwanza wa rangi ni mwembamba, una tapentaini nyingi. Unaofuata una mafuta zaidi, wa mwisho zaidi ya hapo. Ukigeuza mpangilio huo, wa juu unakauka kabla ya wa chini na nyufa zinakuja hata bila seremala. Kati ya mkono na mkono tunasubiri siku 5 hadi 10. Anayetaka picha ndani ya wiki moja aseme mapema tumfanyie kwa akriliki, rangi inayochanganywa na maji ambayo hukauka kwa dakika. Lakini akriliki haiwekwi juu ya mafuta. Mteja mmoja alimpa mchora vibao aongeze jina la duka juu ya picha yetu kwa akriliki, na baada ya muda jina lilibanduka kama ganda la kitunguu.

Picha ya simu tunayochorea nayo ina mambo yake. Usiwashe taa ya simu, inaua vivuli. Mkalishe fundi karibu na mlango, mwanga umpige ubavuni. Gustave Caillebotte alichora mafundi wakiparura sakafu ya mbao mjini Paris mwaka 1875, na uhai wote wa migongo ile unatokana na mwanga wa dirisha. Majaji wa Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, waliikataa picha hiyo; leo iko makumbusho ya Orsay. Simama mita 2, ukisogea karibu sana goti litakuwa kubwa kuliko kichwa. Piga mikono peke yake pia. Kwenye WhatsApp itume kama faili, maana ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa na mishono yote inageuka ukungu. Na usimwambie mzee abadilishe shati.

Kuhusu aproni iliyopasuka: dawa yenye nguvu ya kuondoa vanishi ya mbao inakula na rangi iliyo chini. Kwa hiyo sehemu hiyo itakwanguliwa na kuchorwa upya, shilingi 280,000.

Wengine wote, mkifika miezi 6 leteni picha tuitazame kwa ajili ya vanishi, ikiwa kwenye fremu yake, msiiviringishe. Ikibidi kabisa kuviringishwa kwa safari, rangi ikae upande wa nje, kwenye bomba nene la kipenyo cha angalau sentimita 15.