Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi mmeshayasikia kwa mweka hazina, sina la kuongeza. Nataka tuzungumze Katiba.

Mwezi Machi kamati yangu ilimfuta uanachama mwenzetu aliyekuwa na deni la ada la miezi minne. Hatukumwita. Tulikaa jioni moja pale Sinza, tukanyoosha mikono, katibu akaandika barua. Kikao kilichofuata akasimama mama mmoja na kijitabu chake cha Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi, akatusomea Ibara ya 13(6)(a): mtu anayeamuliwa haki zake na mahakama au chombo kingine ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ya kukata rufani. Akauliza, "Mwenyekiti, nyie ndio mlioshtaki, nyie ndio mlioamua. Yeye angesemea wapi?"

Sikuwa na jibu. Uamuzi tuliutengua palepale. Mwenzetu alipofika ndipo tukajua kwamba miezi yote ile alikuwa wodini akimuuguza mwanawe. Niliumia sana, na hapa mbele yenu namwomba radhi tena.

Tangu siku hiyo, kila kikao tulitenga nusu saa ya kusoma. Ibara ya 8, wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, ilieleweka upesi. Ibara ya 4 ilitula vikao viwili: kutawala, kutunga sheria na kutoa haki kila kimoja kina chombo chake, nasi kumbe yote matatu tuliyaweka kwenye kamati ya watu saba! Vijana walishangazwa zaidi na historia. Katiba ni ya 1977, lakini haki za msingi ziliingizwa 1984, na kuzidai mahakamani kukaanza 1988. Wazee waliokuwepo waliwasimulia vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo leo mtapigia kura marekebisho ya katiba ya chama chetu. Rufaa zitasikilizwa na wanachama watatu wasio wa kamati. Kubadili kifungu chochote kutahitaji theluthi mbili, kama Ibara ya 98 inavyolitaka Bunge. Mwenyekiti atakaa vipindi viwili, basi.

Mimi vyangu viwili vimekwisha, na sigombei. Muhuri, kitabu cha hundi na ufunguo wa kabati viko hapa mezani.