Kabla Hujatoa Hela ya Pikapu

Nyakato, Mwanza

Baba Neema ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Neema na kwa wazee wote hapo Buchosa. Sisi huku wazima, mvua zimeanza na watoto wako shule. Ujumbe wako umefika pamoja na picha za zile pikapu tatu. Nimefurahi sana kwamba umeamua kuachana na magari ya kukodi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa kwenu mwenye usafiri wake anapakia alfajiri na asubuhi yuko soko la samaki la Mwaloni Kirumba, bila kumngoja mtu wala kivuko. Kwa hiyo gari utakalonunua ndilo litakaloamua kama faida inabaki kwako au inaishia kwa mafundi, na ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Nianze na ile iliyokuteka moyo, Hilux Vigo ya D-4D, yaani dizeli ya kisasa ya kompyuta, namba D (iliyosajiliwa baadaye kuliko namba C), rimu zinang'aa. Naelewa. Ina nguvu, mafuta inakunywa kidogo, na ndani unakaa kama bosi. Ila nimeikuza ile picha ya dashibodi, na spidi imeandikwa MPH. Hizo 98,000 ambazo muuzaji anazisema ni maili, yaani karibu kilomita 158,000. Halafu anakuambia ilinunuliwa mpya hapa nchini na ofisi. Gari la maili kwa kawaida limetoka Uingereza, na kule wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo inapanda chini ya gari na kuila chesisi taratibu, wakati juu rangi inaendelea kumeta. Sisemi muuzaji ni mwongo. Nasema maneno yake na dashibodi yake havikubaliani, na mimi naiamini dashibodi.

Hata kama chesisi yake ni nzima, bado nina wasiwasi na injini hiyo kwa mazingira yako. Iwe 2KD ya lita 2.5 au 1KD ya lita 3.0, inasukuma dizeli kwenye nozeli kwa presha inayozidi baa 1,000, wakati tairi lenyewe linabeba baa mbili au tatu. Nozeli za namna hiyo hazivumilii maji wala uchafu. Sasa wewe unajua dizeli inavyofika mwaloni kwenu, pale wanapotua wavuvi: kutoka kwenye pipa, kwenda kwenye dumu, kisha mpira wa kunyonyea kwa mdomo. Pipa likiachwa nusu tupu usiku kucha, unyevu wa hewa unageuka maji humo ndani. Kuna na ugonjwa mwingine: washa za shaba chini ya nozeli zikichoka, gesi ya moto inapenya, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio lililo chini kwenye sampu, lile bakuli la oili. Oili ikikosa njia ya kupanda, injini inagonga. Hapa dukani wanakuja wateja kuulizia nozeli nne kwa mpigo, na nyuso zao zinaniambia walichoelezwa na fundi kabla hawajafungua mdomo.

Ningekuwa wewe ningeifuata ile Hilux nyeupe ya namba C, hiyo uliyoiita mkweche. Kama injini yake ni 5L kweli, na siyo 5L-E yenye kompyuta, basi una injini ya cc 2,986 isiyo na tabo, yenye pampu ya dizeli ya kimekanika tu. Haina kompyuta ya kuiamrisha. Mlimani na mzigo itakuchosha, hilo nakuambia mapema, lakini ikikuzimikia Nyehunge saa mbili usiku kuna fundi atakayeifungua kwa spana na tochi, na spea zake zinapatikana kuanzia hapa Mwanza hadi Sengerema. Kitu kimoja cha kuhoji ni mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni. Unabadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika injini ikiwa inatembea, valvu zinakutana na pistoni. Kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT ya kukumbusha, ila taa hiyo huzimwa kirahisi, kwa hiyo mwenye gari akikuambia mkanda ulibadilishwa, aonyeshe risiti. Akikosa risiti, uhesabu kama haujabadilishwa na upunguze bei kwa kiasi hicho.

Nissan ya TD27 naiweka ya pili. Injini yake ni ngumu kweli, kamshafti inayofungua valvu inazungushwa kwa gia, hivyo suala la mkanda kukatika halipo. Wasiwasi wangu ni vifaa vya mbele na vya bodi, ambavyo huku havijai madukani kama vya Toyota. Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ usiniulize. Naipenda kuliko gari lolote, lakini bei yake haishuki hata ikizeeka, na hela yako haifiki huko.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu chesisi, maana watu wengi huanza kufungua boneti. Injini ikifa unatafuta nyingine, unafunga, safari inaendelea. Chesisi ikioza huna gari. Kwa pikapu za ziwani swali la kwanza ni ilikuwa inabeba nini. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi, ila gari lililobeba kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, linachuruzikiwa na maji ya chumvi kila safari, yanapita kwenye matundu ya bodi na kutuama juu ya chesisi, pale ambapo hakuna anayeosha. Lala chini kabisa na tochi, uvae nguo za kazi. Chukua nyundo ndogo, ugonge kuanzia nyuma ya kebini hadi kwenye vishikio vya springi za nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kuziba na kudondosha magamba. Ukikuta chesisi imepakwa oili chafu au rangi nyeusi mpya sehemu moja tu, hapo ndipo pa kugonga zaidi, kwa sababu mara nyingi kuna kiraka cha kuchomelea. Hesabu majani ya springi pia. Hilux inabeba kama tani moja. Ukiona zimeongezwa majani, ujue ilikuwa inabebeshwa zaidi ya hapo, na mpasuko huwa unaanzia nyuma ya kebini.

Usisahau difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Pikapu za mwaloni hurudishwa kinyumenyume mpaka magurudumu yaingie majini ili mzigo uhamishwe kutoka mtumbwini. Difu iliyotoka safari ni ya moto. Ikizama kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Mwambie fundi afungue nati ya kujazia oili, achovye kidole. Oili ikiwa nyeupenyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na beringi zake zimeshaanza kuliwa.

Injini yenyewe uikague alfajiri, na muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Mwanza si Njombe, hapa hakuna baridi ya kuisingizia. Dizeli inayosumbua kuwaka katika joto letu, hita zake za kupasha silinda zikiwa nzima, imechoka kompresheni, yaani silinda hazibani hewa vizuri tena. Na ukiona dereva anapiga kwanza pampu ya mkono pale kwenye filta, kuna sehemu mfumo wa mafuta unavuta hewa. Tazama moshi. Mweusi kidogo ukikanyaga ghafla si neno, huenda ni filta ya hewa au nozeli. Wa bluu unaoendelea ni oili inaungua. Mweupe usiokoma injini ikishapata moto unanitisha zaidi. Fungua mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma: pumzi kidogo ni kawaida, lakini ikipuliza moshi kwa nguvu, ringi zimekwisha. Rejeta ifunguliwe kabla ya kuwasha, ikiwa ya baridi, ndipo iwashwe na kupigwa resi. Mapovu yasiyoisha maana yake gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe imepasuka.

Baada ya hapo ijaribiwe na mzigo. Pikapu tupu halikuambii kitu. Nitaazima mifuko kumi ya saruji hapa jirani, ni kilo 500, tuipandishe mlima wa Bugando, kisha tushuke mpaka Usagara na kuelekea darajani. Pale darajani kuna kilomita 3 za kwenda bila kusumbuliwa, tutaona mshale wa joto unasimama wapi. Klachi tutaipima kwa gia ya tatu mwendo mdogo: ukikanyaga mafuta injini ikalia na gari lisichanganye, sahani imeisha.

Kuhusu karatasi, hiyo namba C inakuambia lilisajiliwa lini hapa nchini, haikuambii lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi. Namba ya injini na ya chesisi uzilinganishe na zilizoandikwa kwenye kadi. Ya chesisi imegongwa upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu, na ikiwa na alama za kusagwa au kuchomelewa tunaondoka siku hiyo hiyo. Muuzaji awe ndiye mwenye jina kwenye kadi, mkataba uandikwe kwa wakili, na faini za barabarani ziangaliwe kwa namba ya gari. Umiliki ubadilishwe TRA mara moja, siyo "tutafanya baadaye". Na dalali akikuharakisha kwamba kuna mteja kutoka Geita anakuja jioni na hela mkononi, mwache huyo wa Geita anunue.

Bakiza sehemu ya hela. Gari la mtumba lolote, hata zuri, lataka oili zote mpya, filta, mkanda na pengine tairi kabla halijaanza kazi. Ukimaliza hela yote kwenye bei, utaanza kukopa wiki ya kwanza.

Mpigie mwenye Hilux nyeupe umwombe siku ambayo ataliacha bila kuliwasha mpaka tufike. Akikubali, nijulishe usiku wake. Fundi wangu nimeshamwambia, na malipo yake ya ukaguzi ni juu yangu. Wewe njoo na nyundo, nguo za kulala chini, na usitoe hata shilingi ya kishika uchumba. Mama Neema mwambie zile nanasi alizotuma ziliisha siku ile ile.

Wabeja sana,
Baba Doto