YAH: Mmenitoza hela ya kufungua nako za mbele na hamkuzifungua

Kwa meneja wa huduma,

Salaam. Naandika kuhusu ile Land Cruiser mkonga yangu ya injini ya 1HZ niliyoileta gereji kwenu hapo Arusha kabla ya msimu wa watalii Ndutu. Invoisi yenu inasema sili za ndani (raba za kuzuia oili), beringi za nako (kile kiungo cha mwisho wa eksele kinachogeuza tairi la mbele), grisi na oili ya difu ya mbele (gia za kwenye eksele), jumla laki tisa na themanini, nikalipa yote bila kuomba punguzo maana kazi ile ni chafu na inakula muda, fundi akiifanya kweli anastahili hela yake. Shida ni kwamba hamkuifanya.

Gari ilipoanza kuvuja nyuma ya tairi la mbele kushoto nikawapigia, dada wa mapokezi akaniambia eti hiyo ni kawaida ya Land Cruiser, nako lazima iloe. Kuloa sawa, lile tufe la chuma likiwa na utando mwembamba wa grisi hakuna anayelalamika. Hii yangu inatiririka kama mchuzi, inanuka oili ya difu, mpaka rimu imelowa kwa ndani. Hapo hata dereva wa juzi anajua kwamba sili ya ndani imekwisha, ile inayokaa mwishoni mwa eksele kuzuia oili ya difu isipite kwenda kwenye nako. Oili ikipita inalainisha grisi ya sivi jointi (jointi ya shafti inayoruhusu tairi kugeuka) yote inatoka nje, huku nyuma difu nayo inabaki kavu, yaani unaua vitu viwili kwa mpigo. Nilifungua nati ya kujazia oili nikaingiza kidole, sikugusa kitu.

Basi nikaipeleka kwa fundi mmoja Mto wa Mbu tukafungua wote nikiangalia. Jamani! Zile washa za koni kwenye stadi za habu (kitovu cha tairi) ziliganda kwa kutu, zikagongwa weee ndo zikaachia, sasa niambieni nyie mlipita wapi kufika kwenye sili? Maana njia ni hiyo hiyo moja, utoe friwili (kile kifuniko cha habu cha kuweka FREE au LOCK), utoe nati mbili za habu na ile washa ya kukunja katikati yake, utoe habu na spindo (mhimili wa habu), ndo uvute shafti na sivi jointi yake. Washa ya kukunja ilikuwa ya zamani na mkunjo wake haujaguswa. Sili ndani imekauka imekuwa ngumu, mdomo umelika. Beringi ya chini ya nako ina vishimo, ndo maana stiaringi ilikuwa inatetemeka kwenye rasta na mkaniambia ni balansi ya matairi, nikalipia na balansi.

Mlichofanya kinaonekana wazi, mmefungua plagi ya juu ya nako mkapampu grisi mpya juu ya ile iliyokwisha kuharibika, tena grisi ya kawaida nyekundu wakati pale inakaa nyeusi yenye moli (molibdeni). Na hata mngebadilisha sili peke yake bado ingekuwa bure tu, beringi za nako zikilegea shafti haikai katikati, inakula sili upande mmoja na mvujo unarudi. Zinabadilishwa pamoja, ugumu wake unapimwa na kurekebishwa kwa shimu (vibati vyembamba), na ile bridha ya eksele (tundu la kupumulia) inasafishwa maana ikiziba presha inasukuma oili kwenye sili. Yangu ilikuwa imeziba na tope la Ndutu la miaka.

Halafu mara ya pili mnasema nimeiharibu mwenyewe kwa kuendesha na fowili (tairi zote nne zikivuta) kwenye lami. Hapana. Najua gari hii haina difu ya katikati, ukikata kona kwenye lami tairi za mbele na nyuma hazizunguki sawa, nguvu inajibana kwenye shafti. Kwa hiyo Makuyuni mpaka Arusha habu zangu zipo FREE (zimeachana na shafti), na zikiwa FREE sivi jointi hata haizungushwi. Naweka LOCK kwenye tope, na kila mwezi naendesha kama kilomita 16 kwenye vumbi na fowili ili oili ifike kila mahali, kama kitabu cha gari kinavyosema. Msinibambikie.

Ninachotaka: mnirudishie hela yote ya kazi ya eksele na ya balansi, na mnilipe spea nilizonunua Mto wa Mbu, risiti nimeambatanisha pamoja na picha. Sitaki "njoo tukufanyie tena bure", siwaachii tena gari hii. Na kwa wateja wengine, muwe mnawakabidhi spea za zamani bila wao kuomba. Nijibuni kwa maandishi, simu zenu nimechoka nazo. Sili na beringi zilizotoka ninazo kwenye mfuko, fundi aliyesaini ile invoisi akitaka kuziona anijulishe nimletee.

Mwenye gari