Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Vardzia

Mwanangu mpenzi,

Sisi hapa Pangani hatujambo. Tangu uliponiarifu kwamba mafunzo yako ya kuhifadhi picha za ukutani yatakufikisha Vardzia, kule kusini mwa Georgia, nimesoma kila nilichokipata kuhusu mahali hapo, na usingizi umenipaa. Monasteri nzima imechongwa ndani ya mwamba juu ya mto Mtkvari, na mwaka 1283 tetemeko la ardhi liliumega uso wa mlima, vyumba vya watawa vilivyokuwa vimefichika ndani vikabaki wazi hadi leo. Mwamba uliokwisha kumeguka si wa kuaminiwa. Kofia ngumu usiivue, hata wenzako wakizivua zao.

Sisemi usiende. Nilipowaambia mafundi wenzangu kuwa binti yangu atahudumia kuta zilizochorwa kati ya mwaka 1184 na 1186, hakuna aliyebaki na la kusema, ingawa wewe lipu ya chokaa hukutaka kujifunza kwangu nilipokuwa tayari kukufundisha. Katika Kanisa la Kulala kwa Bikira Maria, utazame vizuri ukuta wa kaskazini, walipochorwa Mfalme Giorgi wa Tatu na binti yake Tamar. Maandishi yanamwombea Tamar maisha marefu, lakini baba haombewi, kwa kuwa alikwisha kufariki mwaka 1184. Naye Tamar hajavaa kilemba cha mwanamke aliyeolewa. Kwa dalili hizo wataalamu walitambua umri wa picha. Kazi ya Vardzia aliianza baba, binti akaikamilisha, na mimi nimeisoma habari hiyo mara nyingi kuliko nyingine zote.

Picha zile zilichorwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka. Maana yake rangi haikunywewa na chokaa, imekaa juu tu, na maji yakipenya katika jiwe lile laini la volkano huja na chumvi, nayo chumvi ikifika usoni huibandua rangi magamba magamba, kama unavyoona kwenye kuta za nyumba kongwe za hapa mtoni. Kwa hiyo usiguse kwa kidole penye kuvimba, na usikubali kuharakishwa na mtu yeyote. Pengine nami nilikuharakisha mno katika mambo mengine ulipokuwa mdogo.

Narudia habari ya mwamba. Mvua ikinyesha au theluji ikianza kuyeyuka, ulizeni kwanza wanaoufuatilia mlima kabla ya kupanda, na katika zile ngazi na njia za chini kwa chini usitangulie peke yako.

Paa la jiko nimelibadilisha bati. Ada ya mdogo wako imebaki ya muhula mmoja, usitume kitu, kwanza ununue viatu visivyoteleza. Mama yako amekutafutia sweta mbili za sufu, na nauli yako ya kufika Dar es Salaam iko kwa shangazi yako. Kila siku utakayopanda, ukishashuka nitumie ujumbe, hata kama ni usiku wa manane.

Baba yako